Kijana, Kibofu na Kitovu: Saratani ya Urakasi Ikatwe Kiasi Gani?

Kijana wa Kanda ya Ziwa akikojoa damu, karibu kila mtu hufikiria kichocho, na mara nyingi hawakosei. Kichocho cha mkojo kipo kwenye malambo, madimbwi na mashamba ya mpunga ya Shinyanga, Simiyu na vijiji vya ndani vya Mwanza, kama kilivyokuwapo Unguja na Pemba kwa vizazi. Mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilimweka mnyoo wake, Schistosoma haematobium, kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Basi kijana hupewa prazikwanteli, dawa ya kichocho. Damu ikirudi baada ya miezi kadhaa, hupewa tena, maana hata wazazi wake wanaijua dawa hiyo na wanaiamini.

Katika vijana hao wamo wachache sana ambao ugonjwa wao haukutoka kwenye maji ya lambo, wala haukuanzia kwenye ngozi ya ndani ya kibofu. Umeanzia kwenye mabaki ya mrija waliozaliwa nao. Nawazungumzia hao hapa, pamoja na swali zito linalowakabili wao na madaktari wao: kibofu kikatwe sehemu ya juu tu, au kiondolewe chote?

Mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake, kibofu chake huungana na kitovu kwa mrija uitwao urakasi. Kwa kawaida mrija huo hujifunga kabla ya kuzaliwa, ukabaki kamba nyembamba inayopanda nyuma ya ukuta wa tumbo, katikati kabisa, kutoka paa la kibofu hadi kitovuni. Maiti za watu wazima zilipochunguzwa, karibu theluthi moja zilikutwa na tundu dogo lililosalia ndani ya kamba hiyo, upande wa kibofu. Walio wengi huishi na kuzeeka nalo bila kujua. Kwa wachache mno, ngozi ya tundu hilo hugeuka kuwa saratani, na aghalabu huwa adenokasinoma, saratani ya chembe zinazotengeneza ute. Ukiitazama kwa darubini inafanana na saratani ya utumbo mpana kuliko saratani ya kawaida ya kibofu.

Ni nadra kweli. Katika kila saratani 100 za kibofu haifiki hata moja. Uholanzi, nchi yenye rejesta makini ya saratani, ilikusanya wagonjwa 152 tu kati ya mwaka 1989 na 2009. Wengi huipata wakiwa kwenye miaka ya hamsini, mapema kuliko saratani ya kawaida ya kibofu ambayo ni ya wazee zaidi, na ripoti za kitabibu zina wagonjwa wa miaka ya ishirini na thelathini pia. Dalili ya kwanza huwa damu. Dalili ambayo ingepaswa kumshtua tabibu ni ute: mgonjwa anasema mkojo wake unatoka na kitu kinachovutika kama ute wa bamia. Si kila mgonjwa anaupata, na anayeupata huona haya kuutaja asipoulizwa. Kumuuliza hakugharimu chochote.

Kabla ya kubishana kuhusu kisu, lazima ugonjwa ujulikane ni upi hasa. Hapa pana hatari ambayo haisemwi vya kutosha. Daktari huingiza kamera kwa njia ya mkojo, akaona uvimbe kwenye paa la kibofu, akaukwangua na kupeleka kinyama maabara. Damu hukoma, mgonjwa akaruhusiwa kurudi nyumbani akiamini ametibiwa. Lakini uvimbe wa urakasi mara nyingi sehemu yake kubwa iko nje ya kibofu, juu, nyuma ya ukuta wa tumbo, na kilichokwanguliwa ni ncha iliyochungulia ndani. Majibu yakirudi na neno adenokasinoma, maswali yanakuwa matatu. Je, imetoka kwenye utumbo mpana na kuvamia kibofu? Imeanzia kwenye ngozi ya kibofu chenyewe? Au imeshuka kutoka urakasi? Kipimo cha CT (picha za mionzi za ndani ya mwili) cha tumbo na kifua, pamoja na kuchunguza utumbo mpana kwa kamera, ndivyo vinavyotenganisha hayo matatu. Adenokasinoma iliyoanzia kwenye ngozi ya kibofu chenyewe hutibiwa kwa kuondoa kibofu kizima, na hapo mabishano ni machache. Ni kwa urakasi tu ndipo njia zinapogawanyika.

Nianze na wanaosema kiondolewe chote, kwa sababu hoja yao haistahili kupuuzwa. Saratani hii haina heshima ya mipaka. Hupenya chini ya ngozi ya kibofu, mahali ambapo kamera inaona ngozi safi, na mpasuaji anayekata kwa kufuata macho anaweza kupita katikati ya ugonjwa bila kujua. Ikibaki, hurudi kwenye kibofu, kwenye ukuta wa tumbo au kwenye nyonga, mara nyingi ndani ya miaka miwili ya kwanza. Wanauliza pia: mgonjwa wa miaka 27 ana miaka mingapi mbele yake ya kubaki na kibofu kilichowahi kuvamiwa? Kwa mzee wa miaka 75 hesabu ni nyingine, ila kijana ana nusu karne ya kungojea ugonjwa urudi. Kwa mtazamo huo, ujana ndio sababu ya kukata zaidi.

Wana hoja nyingine inayotugusa sisi moja kwa moja. Anayeachiwa kibofu lazima afuatiliwe: kamera kila baada ya miezi kadhaa, vipimo vya CT, damu, kwa miaka. Anayetoka Bariadi au Kibondo atafika hospitali ya rufaa mara ngapi kabla nauli, mavuno, mimba au kazi havijamzuia? Upasuaji mmoja mkubwa unaomaliza suala la kibofu, wanasema, una huruma kuliko upasuaji mdogo unaotegemea ahadi ya kurudi. Wala upasuaji huo si wa nchi tajiri pekee. Kituo cha figo na mfumo wa mkojo cha Mansoura, Misri, chini ya Mohamed Ghoneim, kiliripoti mwaka 2008 wagonjwa 2,720 mfululizo waliotolewa kibofu, katika nchi ambayo kichocho kiliandama mashamba ya bonde la Nile kwa karne nyingi. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba Waafrika hawauwezi upasuaji huu.

Sasa upande wa pili, na nikiri mapema kwamba ndiko ninakoegemea.

Kuondoa kibofu kizima kwa mwanamume kwa kawaida humaanisha kuondoa pia tezi dume na vifuko vya mbegu. Mara nyingi mishipa midogo ya fahamu inayowezesha uume kusimama huumia. Mpasuaji mahiri anaweza kuinusuru, lakini hakuna anayeweza kumwahidi mgonjwa. Uwezo wa kuzaa kwa njia ya kawaida huisha. Kwa mwanamke, upasuaji wa kawaida huchukua mji wa mimba na sehemu ya mbele ya uke, ingawa kwa baadhi ya wagonjwa viungo hivyo huweza kuachwa. Mwambie hayo binti wa miaka 24 ambaye hajaolewa, katika jamii ambayo mkwe huanza kuuliza habari za mjukuu kabla mwaka wa ndoa haujaisha, ndipo utaelewa kwa nini wengine hutoka kliniki na hawaonekani tena.

Halafu kuna mkojo wenyewe. Njia iliyozoeleka zaidi ni ile aliyoieleza Bricker mwaka 1950: kipande cha utumbo mdogo huunganishwa na mirija ya figo, mdomo wake ukatokezwa kwenye ngozi ya tumbo, na mkojo ukadondokea kwenye mfuko uliobandikwa. Watu huishi nao, hufanya kazi, hulea watoto. Lakini mifuko hiyo hununuliwa, na si kila duka la dawa la wilayani linayo. Kwenye joto la Tanga au Mombasa gundi hulegea, ngozi huwashwa, mtu akalala kwa ubavu mmoja akiogopa kulowesha godoro. Mwislamu anayetokwa na mkojo mfululizo, kwa fiqhi ya Kishafii inayofuatwa na wengi pwani yetu, hutawadha kwa kila sala ya faradhi baada ya wakati kuingia. Dini imempa ruhusa, ila mara tano kwa siku atakumbushwa ugonjwa wake. Mambo haya hayaonekani kwenye takwimu za kuishi miaka mitano, na kwa mgonjwa ndiyo maisha yenyewe.

Kibofu kipya kinachotengenezwa kwa utumbo, kwa mbinu zilizoenezwa na Hautmann wa Ulm na Studer wa Bern, humwondolea kijana mfuko. Nacho kina kodi yake. Humbidi ajifunze kukojoa kwa kukaza tumbo, aamke usiku kukimwaga kabla hakijavuja, na wengine huhitaji kujiingizia mpira wa mkojo maisha yote. Utumbo haukuumbwa kuhifadhi mkojo: hunyonya asidi na kuirudisha kwenye damu, na kuondoa kipande chake cha mwisho huweza kupunguza vitamini B12 miaka baadaye. Hata mahali penye kila kitu, matatizo ni mengi. Hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering ya New York iliripoti mwaka 2009 kwamba katika wagonjwa 1,142 waliotolewa kibofu, asilimia 64 walipata tatizo angalau moja ndani ya siku 90. Wengi wao ni watu wa umri mkubwa, na kijana mwenye moyo na mapafu imara hupita salama zaidi. Hata hivyo si upasuaji wa kufanya eti ili kuwa na uhakika, kama uhakika wenyewe haupo.

Na je, upo? Hapa ndipo hoja ya kwanza inapopungukiwa. Ripoti kubwa za ugonjwa huu, nyingi zikiwa za kuangalia nyuma kwenye mafaili, hazijaonyesha kwamba waliotolewa kibofu chote wanaishi muda mrefu kuliko waliokatwa sehemu kwa usahihi. Hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani walipochapisha wagonjwa wao 66 mwaka 2006, karibu nusu hawakuwa wameuawa na saratani hiyo baada ya miaka mitano, na kilichotenganisha waliopona na wasiopona kilikuwa ukali wa chembe, hatua ya ugonjwa, na kama kingo za kilichokatwa zilikuwa safi, yaani bila saratani. Wagonjwa hawa wengi huuawa na ugonjwa uliokwisha kwenda kwenye mapafu, ini, mifupa au utando wa ndani wa tumbo. Kibofu unaweza kukiondoa chote na ukawa hujagusa chembe zilizotangulia.

Lazima niseme pia udhaifu wa ushahidi huu, maana unaupendelea upande wangu. Waliokatwa sehemu mara nyingi walikuwa na uvimbe mdogo zaidi, na wenye uvimbe mkubwa ndio waliotolewa kibofu chote. Ukilinganisha makundi hayo mawili unalinganisha wagonjwa wasiofanana. Hakuna jaribio lililowagawa kwa bahati nasibu, na kwa ugonjwa nadra namna hii sidhani litakuja kufanyika. Matokeo yanayolingana hayathibitishi kwamba njia hizo mbili ni sawa. Yanachoonyesha ni kwamba kwa waliochaguliwa vizuri, kukiacha kibofu hakujawagharimu uhai.

Kuna jambo ambalo naona limefunikwa na mjadala huu wote, nalo ni kitovu. Watu wanabishana kuhusu upande wa chini wa ugonjwa, kiasi gani cha kibofu, wakati upande wa juu ndio unaosahauliwa. Hospitali ya saratani ya MD Anderson ya Houston, Marekani, walipopitia wagonjwa wao 42 mwaka 2003, wengi wa waliodumu muda mrefu walikuwa wamekatwa uvimbe, kamba ya urakasi na kitovu vyote kwa pande moja. Mgonjwa aliyetolewa kibofu kizima lakini akaachiwa kamba na kitovu ametibiwa pungufu kuliko aliyekatwa paa la kibofu pamoja na kamba yote hadi kitovuni. Hili ningependa kila daktari wa upasuaji anayekutana na uvimbe wa paa la kibofu alijue kabla ya kuomba chumba cha upasuaji.

Upasuaji wenyewe, ukifanywa inavyotakiwa, huwa hivi. Mpasuaji huanza juu. Hukizunguka kitovu kwa kisu na kukiacha kikiwa kimeshikana na kamba, kisha hushuka akichukua pamoja na kamba ukanda wa utando wa ndani wa tumbo, upana wake ukiishia kwenye mikunjo miwili ya mishipa ya zamani ya kitovu, kulia na kushoto. Uvimbe hauguswi moja kwa moja wala haupasuliwi, kwa sababu ute ukimwagika tumboni humwagika na chembe hai. Akifika kwenye kibofu, mwenzake huingiza kamera kwa chini na kumwonyesha kwa mwanga mpaka wa uvimbe ulipo. Kibofu hukatwa kuuzunguka, kukiachwa takriban sentimita 2 za nyama nzima pande zote. Penye mpatholojia, daktari anayechunguza nyama kwa darubini, karibu, kingo hupimwa wakati mgonjwa bado amelala. Tezi za limfu za nyonga huchukuliwa. Kibofu hushonwa tabaka mbili kwa uzi unaoyeyuka na mpira wa mkojo hukaa wiki moja hadi mbili. Mwanzoni mgonjwa hukojoa mara kwa mara, maana kilichobaki ni kidogo, lakini kibofu hutanuka polepole kadiri miezi inavyokwenda.

Wapo wagonjwa wanaosita kupoteza kitovu, na siwashangai. Kwetu kitovu kina uzito. Mtu huulizwa kwao ni wapi na hujibu kwa kutaja mahali kitovu chake kilipozikwa. Lakini kinaweza kutengenezewa umbo jipya kwa ngozi iliyopo. Daktari aliyechukua dakika kumi kueleza kwa nini kinaondolewa kwa kawaida hukubaliwa.

Narudi kwenye hoja ya ufuatiliaji, kwa kuwa ndiyo iliyonisumbua zaidi. Ni kweli wengi hawarudi kliniki. Ila ukiitazama kwa karibu, inapiga pande zote mbili. Aliyetolewa kibofu naye anahitaji kufuatiliwa maisha yake yote: figo zinaweza kuziba pale mirija ilipounganishwa, chumvi za damu hubadilika, na saratani iliyokimbilia kwenye mapafu haijali kama kibofu kipo. Kijana mwenye mfuko asiyerudi kliniki anaweza kupoteza figo taratibu bila maumivu yoyote. Wa kibofu kilichobaki asiyerudi ana hatari ya ugonjwa kurudi mahali ambapo, ukionekana mapema, bado kuna la kufanya, ikiwamo kuondoa kibofu kizima wakati huo. Njia moja imeacha mlango wa pili wazi, nyingine imeutumia tayari. Ugumu wa kurudi kliniki ni sababu ya kupeleka kamera na wataalamu karibu na watu, kuanzia Bugando, KCMC na Muhimbili kushuka hadi hospitali za mikoa. Nakataa kuufanya uwe sababu ya kumwondolea kijana kiungo ambacho angeweza kubaki nacho.

Yako mazingira yanayonihamisha. La kwanza ni letu zaidi kuliko la Ulaya: kibofu kilichoharibiwa na kichocho. Mayai ya miaka mingi hukifanya kibofu kiwe kigumu, kidogo, hata chokaa ikaonekana kwenye eksirei. Ukikata paa la kibofu cha namna hiyo, kilichobaki hakitatanuka, na mgonjwa atakuwa na mkojo usiokaa hata nusu saa, juu ya ngozi ambayo yenyewe iko hatarini kupata saratani ya aina nyingine. Huyo ningemshauri kuondoa chote. Vilevile uvimbe ukishuka hadi karibu na midomo ya mirija ya figo au shingo ya kibofu, au kingo zikirudi na ugonjwa na hakuna nafasi ya kukata zaidi. Kwa kijana wa kiume anayeelekea huko, kuhifadhi mbegu kuzungumzwe kabla ya tarehe ya upasuaji kupangwa, na kama huduma hiyo haipo karibu aambiwe wazi ilipo na gharama yake.

Kuhusu dawa baada ya upasuaji nitakuwa mfupi. Kwa kuwa ugonjwa unafanana na ule wa utumbo mpana, tibakemia inayotumika hujengwa juu ya fluorourasili, ikiunganishwa na sisplatini au oksaliplatini, hasa kwa wenye tezi zilizoathirika au ugonjwa uliosambaa. Haijathibitishwa kwa majaribio makubwa kwamba inawaongezea maisha waliokatwa wakasafika, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa hivyo kabla ya kuuza ng'ombe kwa ajili ya mizunguko sita.

Ndugu wa mgonjwa wakiniuliza waangalie nini, huwaambia waombe nakala ya ripoti mbili: ya upasuaji na ya maabara. Ya kwanza iseme wazi kama kamba na kitovu vimeondolewa pamoja na uvimbe. Ya pili itaje ugonjwa ulianzia wapi, hali ya kingo upande wa kibofu, upande wa kitovu na pembeni, na idadi ya tezi zilizopimwa. Ripoti ikiishia kwenye maneno “adenokasinoma ya kibofu, imeondolewa”, waende nayo hospitali ya rufaa wiki hiyohiyo, kwa kuwa kurekebisha upasuaji pungufu ni rahisi zaidi kabla kovu na ugonjwa havijashikana.